Mkanda na Saa

Kila boda ya Kenya ina kipande cha tyubu. Tyubu ikipasuka mpaka fundi akate tamaa, hukatwa mikanda mirefu, na mikanda hiyo hufanya kazi kuliko ilivyofanya ikiwa ndani ya gurudumu. Hufunga kreti ya soda, godoro, mbuzi, jerikeni za maziwa ya ngamia. Kwetu Habaswein, Wajir Kusini, hufunga pia mguu wa mtu aliyeumwa na nyoka. Ni kipande kile kile, kinavutwa kwa nguvu zote juu ya jeraha, ili sumu isipande.

Mwaka juzi mimi nilifungwa mkanda pajani, ndani ya thieta ya hospitali moja Nairobi. Huo ulikuwa na mfuko wa hewa ndani, bomba, mashine na saa. Kazi yake ilikuwa ile ile: kuzuia damu isiende inakotaka kwenda. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma habari za mikanda hii miwili, na kumbe ni ndugu. Wana ukoo mmoja, mrefu, na ndani yake kuna baiskeli, vita, na mikono ya watu wa Kongo. Walipotengana, mmoja alipewa saa. Mwingine bado yuko Habaswein anangoja gari.

Nianze na goti. Lilipinda nikicheza mpira Eastleigh, na meniskasi ikachanika. Meniskasi ni kile kipande cha gegedu chenye umbo la mwezi mchanga kinachokaa kati ya mfupa wa paja na wa muundi. Siku hizi daktari hafungui goti zima kama mlango. Anatoboa matundu mawili madogo. Moja linapitisha kamera nyembamba iitwayo athroskopu, jingine linapitisha vyombo. Goti hujazwa maji ya chumvi ili litanuke ndani, na daktari anafanya kazi akitazama skrini. Adui mkubwa hapo ni damu. Ikichanganyika kidogo tu na yale maji, picha inageuka strungi. Ndiyo maana paja hufungwa mkanda kabla ya kuanza.

Nilipoamka, goti halikuniuma sana. Lililouma ni paja, kwa siku kadhaa, kama mtu aliyepigwa rungu. Nilipomuuliza daktari alinijibu bila kuzunguka: "Huo ni mkanda. Mguu wako ulikaa bila damu dakika arobaini. Ukizidi masaa mawili ndipo mimi naanza kuogopa."

Masaa mawili. Mtu wa Habaswein akisikia hivyo anapiga hesabu ya barabara mara moja. Kutoka kwetu hadi Wajir mjini ni kama kilomita 100. Garissa ni zaidi ya 200.

*

Kufunga kiungo ili kuzuia kitu kisipite ndani ya mwili ni wazo la zamani sana. Katika maandiko ya tiba ya India yanayobeba jina la Sushruta, mtu aliyeumwa na nyoka anafungwa kamba juu kidogo ya jeraha. Kwa hiyo yule jirani anayechomoa tyubu kwenye boda yake hafanyi ujinga wa kijijini. Anafanya kitu ambacho wasomi wa tiba walikifundisha kwa karne nyingi, na ambacho ukikifikiria haraka kinaonekana ni akili ya kawaida: sumu imeingia hapa, basi funga njia.

Ulaya, mkanda ulikua vitani. Mwaka 1674, jeshi la Ufaransa lilipouzingira mji wa Besançon, daktari wa jeshi aliyeitwa Morel alichukua kamba, akaifunga kwenye kiungo, akapenyeza kijiti na kukizungusha mpaka damu ikakata. Mwaka 1718, Jean-Louis Petit wa Paris akaweka skrubu badala ya kijiti, ili mkanda ujishikilie wenyewe na msaidizi apate mikono huru. Jina turniketi lenyewe limetoka kwenye neno la Kifaransa la kuzungusha. Wakati huo mkanda ulikuwa na kazi moja kubwa: mguu ulikuwa ukienda kukatwa, na mtu asife kwa kuvuja damu wakati msumeno ukipita. Swali la mguu wenyewe kudhurika halikuwepo, maana mguu ulikuwa unatupwa.

Hilo lilibadilika nusukaputi ilipofika, katika miaka ya 1840. Mgonjwa sasa aliweza kulala kimya, na daktari akawa na muda wa kutengeneza kiungo badala ya kukikata. Joseph Lister, yule yule aliyewafundisha madaktari kuua vijidudu, alikuwa akiinua mkono wa mgonjwa juu ili damu iteremke, kisha anaufunga, ili afanyie kazi kifundo kisichojaa damu. Mwaka 1873, Friedrich von Esmarch, daktari wa Ujerumani aliyefundisha chuo kikuu cha Kiel, alieleza njia yake: bendeji ndefu ya mpira inazungushwa kutoka vidoleni kwenda juu, ikikamua damu mbele yake, kisha mpira mwingine unafungwa kwa juu. Mpaka leo, karibu kila thieta ya mifupa duniani ina bendeji yenye jina lake.

Lakini mpira wa Esmarch haukuwa na kipimo. Ulivutwa kwa nguvu za anayevuta, na mpira ukizungushwa mara nyingi shinikizo linajumlishana. Neva za mguu au mkono zilibanwa kuliko ilivyohitajika, na wengine waliamka na kiungo kilichopooza. Angalia tulipofika: huu ndio ule ule mkanda wa boda wa Habaswein. Mpira, nguvu za mkono, na hakuna anayejua umebana kiasi gani.

*

Hapa ndipo baiskeli inaingia. Mwaka 1896, daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, alitengeneza kifaa cha kupima shinikizo la damu. Alitumia vitu vya nyumbani, na mkanda wa kuzungushia mkono aliufanya kwa tyubu ya baiskeli. Anaijaza hewa, anaangalia zebaki ikipanda kwenye bomba la kioo, na anajua ni shinikizo gani hasa linalozima mapigo ya mkono. Mwaka 1901 daktari kijana wa Marekani, Harvey Cushing, alipita Italia, akakiona kifaa hicho, akarudi na wazo lake Baltimore. Mwaka 1904 alichapisha maelezo ya mkanda wa hewa wa upasuaji. Yeye alikuwa mtu wa ubongo, na aliutumia hata kuzunguka kichwa. Faida ilikuwa wazi. Mkanda wa hewa unafungwa haraka, unalegezwa haraka, na nguvu yake inasomeka kwa namba.

Mimi hapo kwenye 1904 nilisimama. Baiskeli za tairi za hewa zilikuwa zimeenea Ulaya na Marekani tangu Dunlop aanze kuzitengeneza mwaka 1888, na dunia ilikuwa na njaa ya mpira. Sehemu ya mpira huo ilitoka Kongo, nchi ambayo Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliimiliki kama shamba lake binafsi kuanzia 1885 hadi 1908. Vijiji vilipangiwa kiasi cha mpira wa kugema kwenye mitambaa ya msituni. Wasiofikisha walipigwa, waliwekwa mateka, waliuawa. Askari walitakiwa kuonyesha kwamba hawakupoteza risasi, na ushahidi waliouleta ulikuwa mikono ya watu iliyokatwa. Ripoti ya Roger Casement kuhusu mambo hayo ilichapishwa London mwaka 1904. Mwaka huo huo Alice Seeley Harris alipiga picha ya mwanamume aitwaye Nsala, amekaa barazani anatazama mkono na mguu wa binti yake mdogo. Ndicho kilichobaki kwake.

Mpira sokoni ulikuwa hauna jina la aliyeugema. Ule uliookoa mikono hospitalini na ule uliokatiwa watu mikono ulikuwa bidhaa moja, ukapita bandari zile zile. Sisemi hivyo ili kumlaumu Cushing. Nasema hivyo kwa sababu tukisimuliwa historia ya tiba kwa kawaida tunapewa majina ya wavumbuzi na miaka yao, halafu basi. Bara letu linatajwa tu linapokuja kupokea msaada. Ilhali lilikuwepo ndani ya hadithi tangu mpira ulipoanza kutiririka.

*

Goti nalo lilikuwa na safari yake. Mwaka 1918 Kenji Takagi, profesa wa Tokyo, alichukua kifaa cha kutazamia ndani ya kibofu na kukiingiza kwenye goti la maiti. Alikuwa na sababu ya nyumbani kabisa. Kifua kikuu kilikuwa kikishambulia magoti ya watu na kuyakaza, na Mjapani ambaye hawezi kukunja goti hawezi kukaa sakafuni kwa heshima kama wenzake. Alitaka kuuona ugonjwa mapema. Sisi tunaosujudu mara tano kwa siku tunamwelewa bila tafsiri.

Mwanafunzi wake Masaki Watanabe aliboresha kifaa hicho kimoja baada ya kingine, na mwaka 1962 alikata kipande cha meniskasi iliyochanika kupitia matundu madogo. Daktari Mkanada Robert Jackson alienda Tokyo mwaka 1964 akajifunza kwake, akaipeleka sanaa hiyo Toronto. Kufikia miaka ya 1980 ilikuwa imeenea duniani, na mkanda wa paja ulienda nayo. Kwa nini? Kwa sababu upasuaji wa goti wa zamani ulikuwa na mkanda. Mkanda ulihamia nyumba mpya pamoja na fanicha.

Mashine nayo ikawa na akili. Huko Vancouver, mhandisi James McEwen, akisukumwa na kisa cha mgonjwa aliyeumizwa na mkanda, alitengeneza wa kwanza unaoongozwa na kompyuta. Unajilinda usizidi shinikizo lililowekwa, unapiga kelele ukivuja, na unahesabu dakika. Paja la mtu mzima huwekewa kwa kawaida kati ya milimita 250 na 300 za zebaki.

Halafu, baada ya miaka yote hiyo ya kuuboresha, madaktari wenyewe wakaanza kuuliza: lakini tunauhitaji? Wagonjwa waliogawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakafungwa na nusu wakaachwa. Kwa upasuaji wa kawaida wa goti kwa matundu madogo, mengi ya majaribio hayo hayakuona tofauti kubwa ya muda wa kazi wala ya matatizo baadaye. Ubishi uliobaki ni wa picha: wengine wanasema bila mkanda hawaoni vizuri, wengine wanasema inua mifuko ya maji juu zaidi, au tumia pampu, au tia adrenalini kidogo kwenye maji, na utaona. Leo kuna madaktari wanaofunga kila paja, na wengine wanaouweka mkanda bila kuujaza hewa, wakiungoja kama akiba.

Napenda ubishi huo. Chombo kina kipimo, kina saa, kina mtu anayekitazama, na bado wanauliza kama kinafaa kuwepo.

*

Sasa turudi kwetu.

Abti yangu, kaka ya mama, aliumwa na nyoka mwaka 1994 akichunga upande wa kinamasi cha Lorian, kule Ewaso Ng'iro inakoishia mchangani. Yeye huniita abti nami namwita abti. Ndivyo Wasomali tunavyoitana. Wenzake walimfunga kamba chini ya goti, wakaikaza kwa kijiti, Morel wa 1674 kabisa. Wakambeba hadi barabarani. Lori lilipita usiku. Wajir walifika asubuhi. Mguu ulikuwa umekufa, ukakatwa. Nyumbani husema nyoka aliula mguu wa abti.

Nilimuuliza mwaka huu: "Abti, kamba ilikaa muda gani?"

Akafikiri. "Tulifunga jua likiwa pale," akaonyesha alasiri kwa kidole. "Hospitali ndiyo iliyofungua."

Nyoka wa kwetu wa jamii ya kifutu, pamoja na yule mdogo wa mchangani anayejisugua magamba akilia kama mafuta ya kukaangia, wana sumu inayoozesha nyama na kuharibu damu isigande. Sumu peke yake inaweza kuua mguu. Lakini kamba iliyokazwa alasiri hadi asubuhi inaweza pia, hata kwa mtu ambaye hajaumwa na chochote. Tena sumu ya aina hiyo ikifungiwa mahali pamoja inazidi kutafuna pale pale. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linasema wazi: aliyeumwa na nyoka asifungwe kamba ya kukaza. Shirika hilo liliweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyopuuzwa mwaka 2017. Linakadiria vifo kati ya 81,000 na 138,000 kwa mwaka duniani, na watu mara tatu hivi ya hao wanaobaki bila kiungo au na ulemavu mwingine wa kudumu.

Rahisi kusema hapo kwamba watu waelimishwe. Waelimishwe, sawa. Lakini umbali nao una historia, na haukuletwa na nyoka. Serikali ya mkoloni iliifanya kaskazini yetu wilaya maalumu kwa sheria ya 1934, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Uhuru ulipokuja, vita vya shifta vikaja nao, 1963 hadi 1967, na hali ya hatari ikabaki kwetu mpaka 1991. Mwaka 1965, Waraka wa Bunge Namba 10 ulielekeza fedha za maendeleo ziende kule zitakakozaa haraka, yaani penye mvua, reli na mashamba. Sisi hatukuwa kwenye hesabu. Abti aliumwa miaka mitatu tu baada ya hali ya hatari kuondolewa. Lile lori la usiku lilikuwa ndilo ambulensi iliyobaki baada ya sera za miaka sitini.

Linganisha na Baghdad. Jeshi la Marekani lilirudisha mkanda kwa heshima kubwa katika vita vya Iraki. Katika hospitali moja ya huko, mwaka 2006, walifuatilia majeruhi waliofungwa: waliofungwa kabla mwili haujaingia kwenye mshtuko wa kupoteza damu, tisa kati ya kumi walipona, waliofungwa wakiwa wamechelewa, mmoja kati ya kumi. Na hakuna mguu uliokatwa kwa sababu ya mkanda wenyewe. Ukisoma haraka utasema mkanda ni salama. Ukisoma polepole utaona helikopta. Wengi wao walikuwa mikononi mwa daktari ndani ya masaa mawili.

Mkanda ni mkopo wa muda, na anayekopesha ni mguu. Jeshi lenye helikopta linalipa kwa wakati. Thieta ya Nairobi inalipa kabla ya dakika arobaini kuisha. Mchungaji wa Lorian alikopa bila kujua angelipa lini, na mguu ukauzwa mnada.

Mambo yamesogea. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, Habaswein ina hospitali yake, na lami inajengwa kutoka Isiolo kuelekea Mandera kupitia Modogashe, Habaswein na Wajir. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Kwangu mimi kifungu hicho kinapimwa kwa dakika. Je, kuna dawa ya sumu ya nyoka kwenye friji ya kituo cha karibu leo, na kituo hicho kiko dakika ngapi kutoka malishoni?

Wakati tunaidai hiyo, na tuidai, kuna jambo ambalo wewe unayesoma hii ukiwa kwenye simu unaweza kulituma kwenye grupu la familia leo, kwa lugha yoyote ya kwenu. Damu ikiruka kwa kasi, ajali ya boda, panga, risasi, na kubonyeza kwa kitambaa hakujaizuia: funga, kwa kitu kipana, juu ya jeraha, kaza mpaka damu ikate, na uandike saa uliyofunga. Andika kwa kalamu kwenye ngozi yake, pale muuguzi ataona kwanza. Kwa nyoka: usifunge. Usikate, usinyonye. Vua viatu, pete na bangili kabla hajavimba. Mtulize, mguu wake uufungie kijiti kilegevu ili usicheze, kama aliyevunjika mfupa, kisha gari. Na ukimkuta tayari amefungwa kamba, usiifungue kwa haraka njiani. Mwahishe, waifungue pale penye daktari na dawa.

Ile tyubu ibaki kwenye boda. Itahitajika kumshikilia mgonjwa asianguke nyuma ya dereva, barabara ikiwa bado ni ya vumbi.